Chumvi ya Ng'ombe Asiyekuwepo

"Sikumuuza," alisema Shilinde kwa mara nyingine.

"Haya, hukumuuza. Yuko wapi?"

Shilinde akarudisha macho mezani. Inspekta Gaudence alikuwa naye tangu asubuhi katika chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi Biharamulo, na kila mara mazungumzo yalikuwa yakifia hapo hapo. Koplo Diana, aliyekuwa akiandika maelezo, aliinua kalamu, akaona hakuna cha kuongeza, akaishusha.

"Unajua kesho unapandishwa kizimbani?"

"Najua."

"Mali ya serikali hiyo, Shilinde. Si jogoo wa sikukuu. Hakimu akikuuliza ng'ombe yuko wapi, utatazama mezani hivyo hivyo?"

"Afande, andika kwamba sikumuuza. Mengine acha."

Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, Msukuma wa Kaniha ambaye baba yake alihamia huko na mifugo kutoka Shinyanga. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu pana lililoanzia kwenye kiwiko na kushuka karibu na kiganja. Gaudence alikuwa ameona wezi wa ng'ombe wa kila namna, na wote walikuwa na hadithi: ng'ombe kakatika kamba, kaliwa na fisi, kaibwa na shemeji. Huyu hakuwa na hadithi, na jambo hilo lilimkera Gaudence kuliko uongo.

Chanzo cha yote kilikuwa kiwanda cha pamba. Katika sehemu ile ukisema kiwanda hakuna anayekuuliza kipi, maana kingine hakipo. Mwaka uliotangulia kilizima mashine nyingi na kuwatoa watu getini kwa makundi, na serikali, tuseme ukweli, haikukaa ikitazama. Kwanza ilileta semina ya ujasiriamali. Watu wakafundishwa kutengeneza sabuni, na kwa miezi kadhaa kila nyumba ikawa na sabuni ya kuuza na hakuna nyumba ya kuinunua. Baadaye ukaja mpango wa mitamba, ambao ulikuwa na akili zaidi. Kila mfanyakazi aliyepunguzwa alipewa mtamba mwenye mimba, mwenye hereni ya manjano sikioni, kwa masharti: afugiwe bandani nyumbani, ndama jike wa kwanza apewe mwenzake, na asihamishwe bila kibali.

Juzi wakaguzi wa mpango walikwenda kwa Shilinde, wakakuta banda tupu. Msimamizi wao, Bwana William, alileta malalamiko kituoni yeye mwenyewe. Alisema wazi kwamba huyu asipofungwa, mitamba mingine yote itafuata njia hiyo, na serikali haitawaletea watu wa kiwanda kitu kingine chochote.

"Mrudishe ndani," Gaudence alimwambia askari wa zamu. Kisha akachukua kofia yake. "Diana, twende kwake."

*

Mke wa Shilinde, Yuster, aliwapokea mlangoni akiwa na mikono yenye udongo wa shambani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Tumekuja kuangalia banda."

"Liangalieni. Limeshaangaliwa na wengi."

Banda lilikuwa safi. Hori lilikuwa kavu, kinyesi kilichobaki pembeni kilikuwa kimekauka zamani, na buibui alikuwa amejenga kati ya nguzo mbili za mlango. Diana alichutama, akavunja kipande cha kinyesi kwa kijiti.

"Huyu aliondoka siku nyingi," alisema. "Ameshakuwa mishikaki, afande."

Gaudence aligeukia ghala dogo la kando. Aliomba ruhusa ya kuingia ghalani, Yuster akasita kidogo kabla ya kusogea. Ndani kulikuwa na majembe, gunia la mihogo mikavu na ndoo za plastiki. Nyuma ya ndoo kulikuwa na jiwe la chumvi ya mifugo, jekundu, jipya, bado liko katika karatasi yake ya nailoni. Kando yake ilikunjwa karatasi nyingine kama hiyo, tupu.

"Hii chumvi mmenunua lini?"

"Mnada uliopita."

"Ya nani?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi wako wapi?"

Yuster alitazama nje ya mlango kama mtu anayetafuta mbuzi wa kuazima. Hakuwapata.

"Mumeo ana kovu mkononi," Gaudence akabadili njia. "Alipataje?"

"Kiwandani. Mkanda wa mashine ulimshika shati ukamvuta. Angekwenda mzima mzima." Hapo sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayependa kusimulia. "Aliyemtoa ni mwenzake, kibarua wa msimu. Aliingiza mkono wake mwenyewe kuukwamisha ule mkanda, akaacha vidole vyake humo. Mtu wa kwenu huko Ngara, nasikia kwa lafudhi yako."

"Anaitwaje?"

Yuster akajishtukia. "Nimesahau."

Gaudence alilitazama tena jiwe la chumvi. Hakuwahi kukutana na mwanamke anayesahau jina la mtu aliyemrudishia mume akiwa hai, lakini hakumbana.

Jirani, mzee Ngeleja, hakuhitaji kubanwa. Alikuwa amekwisha kuja mwenyewe uani, mikono nyuma, akisubiri kuulizwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnamtafuta yule mtamba? Aliondoka na lori. Lori la Bigirimana, mchuuzi wa ng'ombe wa Bugarama. Walimpakia mchana kweupe, mimi nimekaa pale naona."

"Mbona hukuwaambia wakaguzi?"

"Hawakuniuliza. Walikuwa wanapiga picha banda."

Diana alifunga daftari lake kwa kishindo kidogo. Bugarama iko karibu na mpaka wa Burundi, na kwa polisi wa Kagera maneno ng'ombe, lori na Bugarama yakikaa pamoja hayahitaji tafsiri.

*

Walimkuta Bigirimana mnadani Bugarama, amejipaka vumbi mpaka kwenye nyusi, akibishana na mnunuzi juu ya umri wa fahali. Alipoona sare alimaliza ubishi haraka.

"Mtamba mwenye hereni ya manjano," alisema Gaudence. "Kutoka Kaniha."

"Namkumbuka."

"Ulimvushia wapi?"

"Kumvusha?" Bigirimana alivua kofia. "Afande, ng'ombe mwenye hereni ya serikali hata mwendawazimu hamgusi. Mimi sikumnunua. Mwenyewe aliniomba lifti, narudi na lori tupu. Nikamsaidia."

"Kila mchuuzi husema hivyo," alisema Diana.

"Husema, ndiyo. Lakini sikilizeni. Mtu aliyeuza ng'ombe hukaa mbele na dereva, anapiga simu, anacheka. Huyu alikaa nyuma na ng'ombe njia nzima. Amemshika kichwa asijigonge. Kwenye kona, hata nikipunguza mwendo, anagonga bodi: taratibu, mwenzako ana mimba. Kanichosha."

"Ulimshusha wapi?"

"Nyakisasa. Njia ya kanisani. Kulikuwa na mtu anamsubiri."

"Mtu gani?"

Bigirimana alifikiri. "Mzee mmoja. Sikumwona vizuri. Ila tuliposhusha ubao alishika kwa mkono mmoja tu. Mwingine kauweka mfukoni."

Diana alimgeukia Inspekta. Gaudence alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye gari.

Walishika njia ya Nyakisasa, Bugarama ikapotea nyuma yao. Kisha Gaudence akasema, "Tuanze na chumvi. Mtu ameuza ng'ombe wake. Atanunua chumvi ya ng'ombe mnada uliopita?"

"Hanunui."

"Na karatasi ile tupu?"

"Jiwe la kwanza alishalipeleka." Diana alianza kuelewa. "Ng'ombe yupo. Na bado ni wake."

"Bado ni wake, ila analishwa na mwingine. Mimi nimezaliwa Ngara, Diana. Kwetu mtu akikutendea jambo kubwa lisilolipika, unampa ng'ombe. Kugabira, wanaita. Nilipaswa kuona tangu pale ghalani."

"Kwetu ni kubilisa," alisema Diana, ambaye alikulia Shinyanga. "Haifanani sana, ila inakaribia. Unamweka ng'ombe wako kwa rafiki. Maziwa ni yake, samadi ni yake, ng'ombe ni wako, na chumvi unapeleka wewe. Na husemi, afande. Majirani wanaona ng'ombe kwa rafiki yako, wanamheshimu. Ukisema ni wako, umemvua nguo mbele ya watu."

"Hata ukiulizwa na polisi?"

"Polisi ndio wabaya zaidi. Sisi tunaandika."

Gaudence alicheka, na kilikuwa kicheko cha mtu anayeona kazi yake imemwendea vizuri. Kesi ilikuwa imekaa sawa mkononi mwake. Shilinde asingefungwa.

*

Nyakisasa haikuwa na shida ya kuulizia. Mzee aliyekatika vidole kiwandani alijulikana na kila mtu: Frednand, nyuma ya kanisa, shamba la migomba. Walisimamisha gari kando ya ua na hapo hapo Gaudence akamwona mtamba. Alikuwa amesimama katika banda jipya la fito, mnene, ubavu umejaa mimba, anatafuna bila haraka, hereni ya manjano inang'aa sikioni. Migomba iliyolizunguka banda ilikuwa na matandazo mapya na samadi shinani.

Gaudence alisoma namba ya hereni, akailinganisha na ile ya kwenye jalada. Ilikuwa yenyewe. Alitoa simu akiwa bado amesimama kwenye ua, akampigia William.

"Nimempata ng'ombe wako," alisema kwa furaha. "Mzima, ana afya. Hakuuzwa."

"Inspekta, hongera sana! Yuko kwenye banda la mnufaika?"

"Hapana, yuko Nyakisasa, kwa rafiki yake. Bwana Shilinde alimweka tu hapa."

Sauti ya William ikabadilika, ikawa ya kiofisi; akasema kwamba ameelewa, kwamba atawaarifu wakubwa wake mkoani, na kwamba malalamiko ya wizi atayaondoa leo hii hii. Gaudence alimshukuru. Alikata simu akiwa bado anatabasamu, na ndipo alipomwona mzee amesimama kati ya migomba, mkono wa kushoto mfukoni.

Alimsalimia kwa Kihangaza, lugha ya kwao Ngara, wakajuliana hali, kisha wakahamia kwenye Kiswahili kwa ajili ya Diana.

"Mmemfuata huyo," alisema Frednand.

"Tumemfuata huyo, mzee wangu."

"Shilinde yuko wapi?"

"Kituoni. Alikamatwa kwa kumuuza."

"Shilinde?" Mzee alitikisa kichwa. "Huyo hawezi kuuza hata bata bila kuja kuniuliza kwanza. Karibuni mkae. Hata waliokuja kwa kazi hukaa."

Mke wake, Ernesta, alitoa viti na kuviweka kivulini mwa nyumba. Alikwenda akasimama karibu na banda, akamwekea mtamba mkono mgongoni.

"Mpango wa serikali wewe haukukufikia?" aliuliza Gaudence.

"Nilikwenda kuuliza. Yule bwana wa mpango alinieleza vizuri kabisa, wala hakunifokea. Alisema kupunguzwa ni kwa mtu aliyeajiriwa. Mimi nilikuwa kibarua. Sikuajiriwa, kwa hiyo sikupunguzwa."

"Ulifanya kazi pale kwa muda gani?"

"Kila msimu tangu sijaoa. Tulikuwa tunatoka huku Ngara kundi zima, pamba ikiingia tunakwenda, ikiisha tunarudi na sukari na kanga za wake zetu." Alitoa mkono mfukoni, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kilichobaki kilikuwa kidole gumba na nusu ya kidole cha pili. "Vidole ndivyo vilivyopunguzwa."

Diana alitazama pembeni.

"Shilinde alipompata alikuja naye wiki ile ile, hata hakumzoesha banda la kwake. Nikamwambia, rafiki yangu, huyu amepewa wewe. Akasema, mimi ningekuwa nimeoza sasa hivi, ng'ombe gani ningepewa? Kaa naye. Migomba yako inakufa kwa kukosa samadi." Frednand alikuwa akizungumza polepole, bila kumtazama mtu. "Watu hapa wanajua ni wangu. Mimi sikusema ni wangu. Waliona wenyewe, nikanyamaza. Padri alipita akambariki. Kijana wangu anaoa, wakwe wamekuja wakamwona amesimama pale, wakakaa vizuri kwenye viti."

Hapo Gaudence akaikumbuka simu aliyompigia William. Alisimama, akaenda nyuma ya gari, akampigia William tena.

"Bwana William, kuhusu huyu ng'ombe. Hakuna njia ya kumwacha alipo?"

"Amehamishwa bila kibali, Inspekta. Masharti yanasema anarudishwa, anapewa mwingine aliye kwenye orodha. Nimeshazungumza na mkoa. Lori linakuja kesho."

"Mzee huyu alikatwa vidole kiwandani."

"Namfahamu. Alikuja ofisini, nilimsikitikia mno. Mimi sikuyaandika masharti." William alishusha pumzi. "Kwa nini hukuninong'oneza kwanza? Ungemrudisha bandani kwa Shilinde kimya kimya, ningekwenda kukagua, ningemkuta, basi. Sasa umeniambia yuko Nyakisasa, na mimi nimeshasema."

Gaudence alibaki na simu sikioni hata baada ya mwenzake kukata. Alijuta, na alijuta kwa sababu ndogo ya kijinga: alikuwa na haraka ya kupongezwa. Angevuka ua kwanza, angekaa kwenye kiti alichokaribishwa, angemsikiliza mzee, na hakuna ambacho kingeharibika. Aliporudi kivulini hakukaa.

"Mtamchukua lini?" aliuliza Frednand. Alikuwa ameshasoma uso wake.

"Kesho. Si sisi, ni lori la mpango."

"Na Shilinde atatoka?"

"Atatoka kesho asubuhi. Nakuahidi."

"Basi sawa. Kama ni kwa kumtoa Shilinde, mchukueni." Alisema hivyo bila uchungu wowote, na Gaudence akatamani angalau amtukane.

Ernesta alizungumza kwa mara ya kwanza. "Waambie wasimkimbize njiani. Amekaribia kuzaa. Na wasimpakie na madume."

"Nitawaambia, mama."

Frednand aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Gaudence alikuwa amefungua mlango wakati mzee alipomshika bega kwa ule mkono wenye vidole.

"Mwambie Shilinde simlaumu."

"Mzee wangu, Shilinde hakusema. Tumembana tangu asubuhi hakusema neno. Ni mimi niliyekutafuta mwenyewe, kwa chumvi aliyonunua na kwa maneno ya dereva."

Frednand aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa upole, jinsi mtu anavyomkubalia mtoto anayemtetea mwenzake.

"Ndiyo," alisema. "Mwambie hivyo hivyo. Mahabusu si mahali pa kukaa. Hata mimi ningesema."

"Hakusema, mzee."

"Nimesikia, mwanangu. Nendeni salama."

*

Asubuhi iliyofuata askari wa zamu alimrudishia Shilinde mkanda, simu na viatu. Nje, Yuster alikuwa amesimama kwenye lango la kituo, amemletea koti. Shilinde alikaa kwenye benchi la mapokezi kuvaa viatu, na Gaudence akaja akakaa kando yake, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Kesi imefutwa," alisema. "Uko huru."

"Umempata."

"Nimempata."

"Nani alisema?"

"Hakuna. Niliona chumvi ghalani kwako. Mkeo alisema ya mbuzi."

Shilinde alitabasamu kidogo. "Hajui kudanganya, huyo. Wanamchukua?"

"Wanamchukua leo."

Shilinde alivaa kiatu kimoja, akafunga kamba. Mikono yake ilikuwa imetulia. "Ulimwona Frednand?"

"Nilimwona. Tulikaa. Nilimweleza jinsi ilivyokuwa."

"Alisemaje?"

Gaudence alikuwa amelifikiria swali hilo usiku mzima, na alikuwa ameamua kwamba mtu aliyevumilia mahabusu kwa ajili ya rafiki yake anastahili kupewa neno la rafiki yake. Bado aliona ni zawadi. Hapo ndipo alipokosea tena.

"Alisema nikuambie kwamba hakulaumu."

Shilinde, aliyekuwa amechukua kiatu cha pili, akaishia hapo.

"Hanilaumu kwa lipi?"

Askari wa zamu aliinua kichwa kutoka kaunta, akakiinamisha tena.

"Afande. Hanilaumu kwa lipi? Mimi si sikusema?"

"Hukusema."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Mara mbili."

"Akajibu nini?"

Gaudence alifungua mdomo. Alikuwa na majibu kadhaa, na mojawapo lilikuwa uongo mzuri tu, lakini alichelewa. Shilinde alikuwa amekwisha kusoma usoni mwake kwamba Frednand hakuamini.

Alibaki amekaa na kiatu cha pili mkononi. Gaudence alisimama, akatoka nje kumwambia Yuster kwamba mume wake ameachiwa, ila amngoje kidogo.